Vyuma vya Samweli

Juzi mwanangu alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu yangu, anacheza gemu la mapanga na majoka, akaniuliza bila kuinua macho, "Mama, upanga wa chuma gani una nguvu kuliko yote?" Nilikuwa nachambua mchicha. Nikamjibu papo hapo, kama mtu aliyeulizwa jina lake: "Chuma cha nyota. Lakini aliyeufua hawezi kuubeba." Akapekua simu, akaniambia hicho hakimo, kuna fedha, kuna chuma cheusi, kuna chuma cha barafu. Nikamwambia basi gemu lako halijakamilika. Kisha mchicha ukanishinda, nikatoka kusimama uani. Chuma kile sikuwa nimekitaja tangu nilipokuwa na umri kama wake.

Siku hizi naishi Mugumu, lakini nilizaliwa Tarime, pale Turwa, pembezoni mwa mji, ambako nyumba zinaishia na mashamba ya mahindi yanaanza. Ninyi wa rika langu mnakumbuka kwamba simu ya nyumbani ilikuwa ya baba, na ukiigusa unaitafuta fimbo kwa mikono yako mwenyewe. Sisi hatukuwa na gemu. Tulikuwa na Samweli.

Samweli alikuwa mtoto wa mhunzi. Baba yake alifua majembe, visu na mapanga kwenye kibanda cha mabati kando ya njia ya kwenda mashambani, na Samweli, alipomaliza kidato cha nne bila kupata nafasi ya kuendelea, akarudi kumsaidia. Kule bwenini alikosoma, mwenzake mmoja alikuwa na kitabu chakavu cha Kiingereza cha mchezo wa kuigiza mashujaa. Watu wanakaa mviringo, mmoja anasimulia, wengine wanasema watakachofanya, kisha dadu inaamua kama wamefaulu. Kitabu kilikuwa kimeliwa na panya na watani wa bweni mpaka ikabaki sura moja tu, ya vyuma vya kufulia silaha za ajabu. Samweli akaikariri ile sura, na yaliyopotea akayatunga mwenyewe. Ndiyo maana mchezo wetu, toka mwanzo mpaka mwisho, ulikuwa mchezo wa vyuma.

Tulikutana kibandani jioni, baba yake akishafunga kazi. Mkaa ulikuwa bado mwekundu. Ile harufu ya chuma cha moto kilichozamishwa majini ilikuwa imeganda kwenye mabati, nayo iliingia kwenye nguo zetu tukaenda nayo nyumbani. Wachezaji wa kudumu tulikuwa wawili, mimi na Juma, mtoto wa mwenye duka la vitenge ambaye ukoo wake ulitoka pwani. Wengine walikuja wakaondoka. Juma alikuwa Sultani wa Upepo. Mimi nilikuwa Mwindaji, na nilijiona mwindaji hasa. Dadu Samweli aliitengeneza kwa sufuria iliyoyeyushwa, akainyoosha kwa tupa na kuitoboa vidoti kwa msumari. Ilikuwa imeinama upande mmoja na ilipenda sana kuangukia nne. Juma alilijua hilo kabla yetu sote, damu ya biashara haipotei.

Sheria ya Samweli ilikuwa kwamba hubebi silaha ya chuma ambacho hukukileta. Ukitaka mkuki wa shaba, leta shaba, hata kipande cha waya wa umeme. Anakitia kwenye kopo lenye jina lako, na tangu hapo mkuki ni wako. Shaba ilibeba radi. Risasi, ile ya kwenye betri za magari zilizokufa, ilikuwa nzito na uchawi haukuipenya, kwa hiyo ilifaa kwa ngao. Sufuria ilitoa upanga mwepesi wa upepo, ila ukikutana na joka unakuyeyukia mkononi. Springi ya lori haikuwa na uchawi hata chembe. "Lakini haikusaliti, mura," Samweli alisema, na alituita sote mura, hata mimi msichana, kama vijana wa Kikurya wanavyoitana. Mimi kwa tamaa ya upanga wa upepo nilipeleka mfuniko wa sufuria ya ugali. Mama aliufuata mpaka kibandani, akanichapa nao njia nzima.

Na dhahabu? Juma aliwahi kuleta hereni ya mama yake. Samweli alimwambia airudishe kabla jua halijazama. Dhahabu ni laini, alisema, haina kazi vitani, inafaa tu kuhonga walinzi wa lango. Katika wilaya ambayo watu wanashuka mashimoni kuitafuta na wengine hawapandi tena, sisi tuliidharau kama maganda ya ndizi. Nikikumbuka hilo huwa nacheka peke yangu.

Juu ya vyote kulikuwa na chuma cha nyota. Kilianguka kutoka mbinguni, kilikata kila kitu, na hakuna aliyewahi kukileta kibandani. Samweli alituambia kwamba anayekifua hawezi kukibeba. Lazima ampe mtu mwingine, na akishampa asimfuate.

"Sheria ya kijinga," Juma alisema. "Kwa nini asijibakizie?"

"Mhunzi anatengeneza vya watu," Samweli akajibu. "Ndivyo ilivyo."

Mimi nilidhani anaeleza mchezo.

Sasa nimtaje dada yangu, Bhoke. Alikuwa amemaliza shule na anajifunza ushonaji kwa mama mmoja mjini. Mama alimtuma kila jioni kuja kunichukua, na nilimchukia kwa hilo. Alifika tunapokaribia kuingia pangoni mwa joka, akasimama nje ya ua wa minyaa na kuniita kwa sauti ya mtu aliyechoshwa. Kisha akaanza kufika mapema. Nikaona ananionea kabisa. Haji tu kunikatisha, sasa anataka na mwanzo nisiuone.

"Mmefika wapi?" aliuliza huko huko nje.

"Mto wa nyoka," Samweli alijibu.

"Na huyo Mwindaji wenu mjinga bado hajafa?"

"Bado. Anakusubiri umzike."

Bhoke alikuwa na kicheko kinachoanza puani, kama anayejizuia kupiga chafya, halafu kinamshinda. Siku moja aliingia ndani ya ua, akatunyang'anya dadu, akairusha na kuliangusha jitu lililokuwa limetusumbua wiki nzima. Samweli alitakiwa kusimulia jitu linavyoanguka. Alisahau. Alikaa tu anamtazama mpaka Juma akamgonga goti.

Baada ya hapo Bhoke akaleta chuma chake, sindano ya cherehani iliyovunjika. Samweli aliipokea kama kitu cha kuvunjika tena. Akasema hiyo ni chuma cha pua, ni silaha mbaya kuliko zote, kwa sababu mwenye nayo hahitaji nguvu na aliyechomwa haoni alichomwa na nani. Lakini hakuitia kwenye kopo. Aliichomeka kwenye mfuko wa shati lake, kifuani. Nikalalamika, sheria ni kopo. Akaniambia sindano ni ndogo, itapotea. Niliamini. Nilikwenda mbali zaidi, nikamweleza Juma ambaye alikuwa ananiangalia kwa huruma.

Lazima nieleze jambo moja ambalo wa kwetu wanalijua na wengine hawalijui. Katika ukoo wetu, mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa kwa wakati mmoja. Hukuoa kwake wala hukuozesha kwake. Baba alipokwenda kununua jembe, mzee wake Samweli hakumpa mkononi. Alilitua chini, akasogea, ndipo baba akaliokota. Lilipofika nyumbani lililazwa nje usiku ule, asubuhi ndipo likaingizwa ndani. Hakuna aliyewahi kunieleza sababu. Niliona tu ni chuma kilichotoka motoni, nikadhani jembe linapoa.

Basi siku moja alikuja mzee wa jirani, ametumwa na akina Samweli, akaamkiana na baba, akazungumza kidogo na kuondoka bila kunywa chai. Jumapili iliyofuata baba mkubwa akatoka Susuni. Kwa ajili yake ilipikwa kichuri, ile supu chungu ya matumbo ya mbuzi, na yeye akila kichuri ujue kuna jambo. Niliwekwa nje chini ya dirisha nipukuchue mahindi. Baba yangu alikuwa mwalimu na mzee wa kanisa, mtu aliyesoma magazeti mpaka matangazo ya vifo. Nilimsikia vizuri.

"Mimi binafsi sina neno," baba alisema. "Kijana ana adabu, ana kazi ya mikono. Na hayo mambo ya zamani mimi siyaamini."

"Hata mimi sina neno," akasema baba mkubwa. "Lakini unajua yanayosemwa. Chuma cha watu wale kikiingia kwenye nyumba, nyumba haikai."

"Tatizo ni mama. Mama hatakubali."

"Mama hawezi kukubali."

Mama yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, akasema kwamba yeye hapa ni wa kuja, wenye ukoo ni wao, lakini kwa upande wake hana neno. Wakaendelea na chai. Watu watatu wasio na neno, na jambo likawa limekataliwa.

Mama waliyekuwa wanamsema ni bibi yetu, aliyeishi Susuni kwa baba mkubwa. Lakini mimi habari za bibi hazikunigusa. Nilichosikia ni kwamba chuma cha akina Samweli kina nguvu ya kuangusha nyumba, na kwamba baba yangu, ambaye hakuogopa hata mkaguzi wa shule, anakiogopa. Niliacha mahindi, nikakimbia mpaka kibandani. Samweli alikuwa ananoa panga.

"Samweli! Vina nguvu kweli! Vyuma vyenu! Baba mkubwa amesema vikiingia nyumbani, nyumba haikai!"

Aliendelea kupitisha tupa, mara moja, mara nyingine. Halafu akacheka kidogo.

"Vina nguvu, mura. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma."

Nilikuwa nahema kwa furaha. Naikumbuka furaha ile na leo inanichoma, ingawa najua nilikuwa mtoto na sikumletea habari asiyoijua.

"Na baba yako amesemaje?" aliuliza.

"Hana neno. Bibi ndiye hatakubali."

"Bibi mwenyewe amesema?"

"Bibi yuko Susuni."

"Kwa hiyo hajasema."

"Baba ndiye amesema bibi hatakubali."

Akalitua lile panga chini, akasogea, kana kwamba mimi ni mnunuzi. Sikuliokota, lilikuwa la mtu.

Jioni chache baadaye aliumaliza mchezo. Hakukuwa na joka. Tulifika kwenye lango la mji, walinzi wakatufungulia bila hongo, tukapewa uji na mahali pa kulala. "Mmefika," Samweli akasema, na akaanza kutugawia makopo yetu. Juma alipiga kelele kwamba tumeibiwa, hakuna safari inayoisha kwa uji. Nililia. Bhoke hakuja kunichukua siku ile, alikuja mama. Wiki haikuisha, Samweli akavuka Sirari kwenda kutafuta kazi ya kuchomelea vyuma upande wa Kenya. Nasikia alioa huko huko, ana karakana na watoto wakubwa.

Bhoke aliolewa Itiryo. Mumewe ni mfugaji, mtu mpole, hajawahi kumwinulia mkono wala sauti, na watoto wao nawapenda kama wangu. Sitaki msomaji adhani namsimulia mtu aliyetupwa shimoni. Lakini kile kicheko cha kuanzia puani sikukisikia tena. Anacheka, ndiyo, anacheka kama watu wote wanavyocheka. Kwa miaka mingi, kila nilipomtazama, nilimlaumu bibi. Nilikwenda Susuni likizo, nikamwamkia shikamoo, nikapokea karanga zake, na moyoni nikawa na neno naye. Naona uchungu sana kwa karanga zile.

Bibi alipougua ugonjwa wa mwisho aliletwa na godoro lake Turwa, kwa baba, na mimi nikaomba ruhusa kazini nije kumuuguza. Alikuwa na akili timamu mpaka mwisho. Asubuhi moja nilikuwa namsugua miguu kwa mafuta, akaniuliza, "Yule kijana wa wahunzi aliyekuwa hapo jirani, yuko wapi?"

"Yuko Kenya, bibi."

"Nilidhani angemwoa Bhoke. Nilimwona siku moja sokoni anambebea mzigo. Mwanaume habebi mzigo wa mwanamke bure."

Nikaacha kusugua. "Bibi, si wewe ulikataa?"

"Mimi?" Akajiinua kwenye mto. "Mimi nilikataa saa ngapi? Nani aliniuliza?"

"Walisema chuma cha wahunzi—"

"Kwani wahunzi hawaoi? Wanaoa mawe? Hilo jambo lina njia yake. Mbuzi mmoja anachinjwa mlangoni, wanaleta maji waliyopozea chuma, vijana wananawa wote wawili, imekwisha. Mama yangu mdogo aliolewa hivyo, alizaa mpaka akachoka." Akalala tena, kisha akasema kwa sauti ya kuumizwa, "Nilingoja waje kuniambia. Nikaona kimya. Nikajua wamenitoa kwenye hesabu, nimezeeka."

Nilimfuata baba, alikuwa nje na redio yake. Nilimweleza yote bila kupumua. Alizima redio. Alinieleza, kwa upole wa mwalimu, kwamba neno la namna ile halipelekwi kwa mzee mpaka waliomfuata kwa umri wawe wamekubaliana, maana mzee habebeshwi ugomvi. Na wao hawakukubaliana.

"Lakini baba, wote mlikuwa hamna neno."

"Ndiyo," akasema. "Hatukuwa na neno."

Akabaki na mkono juu ya redio. Ningetaka kuandika kwamba nilimhurumia. Nilimkasirikia, na hasira ile bado ipo, iko pamoja na mapenzi yangu kwake, vinakaa nyumba moja. Alijua nami najua kwamba hakumwogopa bibi. Aliogopa kuwa mtu wa kwanza kusema ndiyo, akamweka mama yake mbele yake kama ngao.

Tulimzika bibi Susuni. Baada ya siku za msiba nilimsindikiza Bhoke kwake Itiryo, nikilala na kuamka na swali moja, nimwambie au ninyamaze. Atafaidika nini sasa? Lakini niliona kwamba kunyamaza ndiko kulikotufikisha pale, na sikutaka kuwa mtu wa nne asiye na neno. Tulikuwa tumekaa uani kwake alasiri, anapepeta mtama. Nikamwambia. Nikamwambia bibi hakukataa, hakuulizwa, na kwamba angekubali, kwa mbuzi mmoja tu na maji ya kupozea chuma.

Hakuacha kupepeta. Makapi yaliruka upande wangu.

"Samweli alitaka kwenda Susuni," alisema. "Siku ile uliyomkimbilia kibandani. Alikuja kuniambia, twende sisi wenyewe kwa bibi, tupige magoti, tumuulize. Alikuwa ameshaomba baiskeli."

"Ikawaje?"

"Nilimkatalia."

Sikuelewa. Nikamuuliza kwa nini.

"Wote walikuwa wameshakataa, isipokuwa yeye. Bibi alikuwa amebaki peke yake. Akisema hapana, mimi nibaki na nani?" Akaweka ungo chini. "Nikaona bora nisijue. Nikaolewa sijui, nikazaa sijui. Siku nikichoka najiambia, labda bibi angekubali. Ilinisaidia sana, hiyo labda."

Nilimwomba msamaha kwa kuja kumnyang'anya. Akanipungia mkono, kama anayefukuza nzi, akasema si kosa langu, ukweli ni ukweli. Wingu lilikuwa limetanda upande wa mlima na upepo ulianza kuchezea makapi. Mbuzi wa mumewe walikuwa wametapakaa uani, wengine wamepanda kwenye kichuguu, wengine wameshavuka mpaka kwenye mihogo ya jirani.

"Alisema mbuzi mmoja?" Bhoke akauliza.

"Mmoja."

Akawatazama wale mbuzi kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akachukua fimbo, na kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja nikazunguka upande wa pili kumsaidia kuwaingiza zizini.